Shule Isifungwe Tena Bila Sisi: Ilani ya Wazazi, Walimu na Wanafunzi

Ndugu zetu wazazi, walimu, wanafunzi, wapishi wa shule, mabawabu, wauguzi wa zahanati za vijijini, nanyi nyote mliowahi kusimama mbele ya lango la shule lililotiwa kufuli bila kujua litafunguliwa lini: wakati mpya umefika. Utaratibu wa zamani umekwisha kushindwa, na kushindwa kwake tulikuona kwa macho yetu. Kati ya Machi 2020 na Januari 2021, mamilioni ya watoto wa Kenya walikaa nyumbani huku wakubwa wakibishana kama shule zifunguliwe au zisifunguliwe. Mwezi baada ya mwezi ubishi ulipanda sauti, na mabomba ya shule zetu yakabaki makavu kama yalivyokuwa kabla ya ugonjwa wa Korona.

Sisi hatukuja kuuendeleza ubishi ule. Tumekuja kuumaliza. Shule iliyo wazi na shule iliyo salama ni shule moja, na tutaijenga kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi.

Tunaamini kwamba mtoto hapaswi kuchagua kati ya uhai wake na masomo yake. Katiba tuliyoipigia kura Agosti 2010 haikumwekea chaguo hilo. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kinaagiza maslahi yake yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya na ya maji safi ya kutosha. Haki hizo zilipitishwa kwa kura moja, siku moja, na wananchi wale wale. Anayetuletea moja huku ameficha nyingine mgongoni ametunyang'anya zote mbili, awe anasema fungueni au anasema fungeni.

Tunakataa mpangilio wa mambo uliomweka mtoto mwisho wa foleni. Kumbukumbu tunayo. Kisa cha kwanza cha Korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Jumapili, siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Tuliitii amri hiyo, na tungeitii tena, kwa kuwa siku zile hakuna aliyejua ugonjwa ule ungefanya nini. Lakini tazameni kilichofuata. Jumatatu ya 6 Julai, Rais alitangaza kwamba nyumba za ibada zingefunguliwa kwa awamu na ndege zingerudi angani. Kesho yake, Jumanne, Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, kwamba mitihani ya kitaifa ya KCPE na KCSE haitafanywa mwaka huo, na kwamba shule zitafunguliwa Januari. Mwishoni mwa Septemba baa zikaruhusiwa kuuza pombe tena. Wanafunzi wa kwanza, wale wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4, waliingia darasani tarehe 12 Oktoba. Wenzao wakangoja hadi 4 Januari 2021. Na miezi hiyo hiyo mikutano ya kisiasa ilijaa watu bega kwa bega, mpaka ikapigwa marufuku Novemba maambukizi yalipopanda.

Hatuyasemi haya kwa chuki. Tunasema kwamba nchi inapokuwa na nafasi chache za watu kukutana bila hatari kubwa, nafasi ya kwanza ni ya mtoto mwenye daftari. Anayetaka kuigawa vinginevyo aje barazani, aeleze sababu zake mbele ya watoto wenyewe.

Tunakataa kugombanishwa. Huu ndio ujanja mkubwa wa utaratibu wa zamani, nao ulitugharimu kuliko kitu kingine chochote. Mwalimu alipewa sauti ya woga, mzazi akapewa sauti ya hasira, kisha wawili hao wakawekwa wakabiliane, huku wenye mafungu ya fedha na wenye mamlaka ya kujenga wakitazama tu. Mwalimu aliyesema anaogopa alisema kweli. Walimu walirudi darasani Oktoba ile bila chanjo, kwa sababu dozi za kwanza zilifika Kenya Machi 2021. Wiki chache baada ya kurudi huko, shule kadhaa, zikiwemo za Mombasa, zilikuwa zimepata maambukizi miongoni mwa walimu, na wako waliozikwa. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vilipopaza sauti kwamba wanachama wao wanakufa, walimu waliitwa wavivu na watu ambao hawajawahi kufundisha darasa la watoto themanini kwa siku nzima.

Na mzazi aliyesema mwanawe anapotea alisema kweli vilevile. Masomo yaliletwa kwa redio, runinga na intaneti, na walioyaandaa walijitahidi kwa moyo. Lakini nendeni kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye simu moja, na simu yenyewe ni ya mama, na mama anatoka nayo alfajiri kwenda kibaruani kwa sababu ndiyo anayopigiwa ikipatikana kazi. Anarudi jioni. Bando la shilingi ishirini linagawiwa watoto watatu wa madarasa matatu. Mkubwa anaanza, video inagandaganda, betri inaisha, na token za stima zilikwisha juzi. Mdogo kabisa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunganisha herufi, hafikiwi na zamu yake. Zidisha usiku huo mmoja kwa miezi tisa. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mzazi alikuwa akiisema kwa hasira, na wengi wakadhani anataka tu kuondolewa watoto nyumbani.

Kisha wako wale ambao hawakuhesabiwa popote. Walimu wa shule za binafsi walikatiwa mshahara mara tu karo ilipokoma kuingia. Wakauza mboga, wakafyatua matofali, wakaendesha boda. Walimu walioajiriwa na bodi za shule walikuwa katika hali hiyo hiyo. Kule Mwea kuna shule moja ya binafsi iliyogeuzwa shamba la kuku, ndege wakifugwa mle mle madarasani. Mwenye shule alikuwa na madeni ya kulipa, na hatumlaumu. Tunawalaumu walioweza kuzinusuru shule zile wakaona si kazi yao.

Tunaamini kwamba virusi havikuzitia shule zetu ugonjwa, vilizikuta zinaumwa. Elimu ya msingi ilifanywa bure mwaka 2003, na nyumba kwa nyumba tulishangilia. Mwaka 2018 ikaja sera ya kila mtoto anayemaliza shule ya msingi kuingia sekondari, nasi tukashangilia tena, kwa haki. Watoto waliongezeka, lakini madarasa, vyoo na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ndiyo maana Waziri Magoha mwenyewe alilazimika kukubali hadharani kwamba kuwatenganisha watoto darasani kungekuwa kibarua kigumu, na kwamba wengine wangesomea chini ya miti. Alikuwa mkweli, na ukweli wake ni hati ya mashtaka dhidi ya miaka yote iliyomtangulia. Umbali wa mita moja na nusu hauwezi kutolewa kwa amri katika chumba ambacho watoto watatu wanagawana dawati la wawili.

Tuliyaona maandalizi ya kufungua shule kwa karibu. Langoni paliwekwa kibuyu chirizi: mtungi wa lita tano uliotobolewa, ukaning'inizwa kwenye miti miwili, na kijiti cha kukanyaga kilichofungwa kwa kamba. Pembeni kipande cha sabuni ya mche kimetiwa ndani ya soksi kuukuu ili kisianguke mchangani. Kazi ya mikono ya watu wenye akili na upendo, tunaipigia saluti! Lakini maji ya mtungi ule yaliletwa na watoto kutoka nyumbani, kila mmoja na kidumu chake, na ikifika saa nne asubuhi yalikuwa yamekwisha. Mwalimu wa zamu alisimama hapo na kipimajoto akikielekeza kwenye paji la uso la kila anayeingia, kisha watoto hao hao wakaingia darasani na madirisha yakafungwa kwa sababu ya vumbi.

Madirisha! Tunaomba mtuvumilie tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo palipo na fundisho kubwa lililopuuzwa. Siku ile ile ya 6 Julai 2020, wakati Nairobi ikisikiliza habari za ndege na ibada, wanasayansi Lidia Morawska na Donald Milton walichapisha waraka uliokuwa umeungwa mkono na wataalamu 239 wa nchi mbalimbali, wakiusihi ulimwengu ukubali kwamba ugonjwa huu husafiri hewani na kwamba hewa ya ndani ya nyumba lazima ibadilishwe. Kufungua dirisha hakuhitaji mkopo wa kigeni. Darasa lenye madirisha pande mbili yanayofunguka, paa lenye matundu ya kutolea hewa, mti wa kivuli wenye mabenchi chini yake kwa masomo ya asubuhi: hivi ni vitu ambavyo fundi wa kijiji anavijua. Badala yake tulitumia nguvu nyingi kunyunyizia dawa sakafu na kuta.

Na dirisha hilo hilo lina kesi nyingine. Machi 2001, wanafunzi 67 wa shule ya Kyanguli waliteketea bwenini. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaagiza madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na yafunguke kuelekea nje. Septemba 2024 tukazika wavulana 21 wa shule ya Endarasha, nao waliouawa na moto wa bweni. Hewa, moto, maji, msongamano: wanaozitenga kama mada nne za wizara nne hawajalala bwenini. Kwetu hili ni jambo moja, na jina lake ni usalama wa mtoto mahali anaposomea.

Tunakataa pia kuambiwa kwamba hakukuwa na njia nyingine. Majirani zetu walipita njia tofauti, na kila njia ina la kutufunza. Burundi haikufunga shule kabisa. Tanzania ilifunga Machi 2020 na kuzifungua zote tarehe 29 Juni, lakini ilikuwa imekwisha kuacha kutoa takwimu za maambukizi, kwa hiyo mzazi wa Tanga au Kigoma alimpeleka mwanawe shuleni bila kuambiwa ukubwa wa hatari; hatuwezi kuuita huo ufunguzi salama, hata kama kengele ililia. Rwanda ilitumia kipindi cha kufungwa kujenga, ikaanzisha ujenzi wa vyumba vya madarasa zaidi ya 22,000 kote nchini, kisha Novemba ikaanza kurudisha wanafunzi kwa awamu. Hilo tunalishika kwa mikono miwili: kama mlango lazima ufungwe, basi nyuma yake zisikike nyundo.

Uganda iliumia kuliko wote. Kwa hesabu ya UNESCO, shule zake zilifungwa, kikamilifu au kwa sehemu, kwa wiki 83, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, hadi tarehe 10 Januari 2022. Mamlaka ya Mipango ya nchi hiyo ilikuwa imeonya kwamba wanafunzi 30 kwa kila 100 huenda wasirudi kamwe. Fikirini darasa lenu, mhesabu watoto kumi kumi, kisha katika kila kumi mwondoe watatu. Na bado haikupita mwaka kabla Ebola haijazuka upya nchini humo Septemba 2022, watoto wakawa miongoni mwa waliofariki, na shule zikafungwa Novemba wiki mbili kabla ya muhula kwisha. Ugonjwa hauna adabu ya kungoja tujipange.

Wasichana wetu tunawataja peke yao, kwa sababu mzigo wao ulikuwa wa peke yake. Yaliyowapata mwaka 2020 yalikuwa yameandikwa waziwazi Afrika Magharibi. Ebola ilipofunga shule za Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, mimba za utotoni zilikuwa kilio cha kila kijiji. Shule zilipofunguliwa mwaka 2015, Sierra Leone ikawafungia nje wasichana wajawazito. Ilichukua hukumu ya Mahakama ya ECOWAS ya Desemba 2019 kuivunja amri hiyo, na serikali ikaiondoa Machi 2020, mwezi ule ule tuliofunga shule zetu. Tanzania nayo iliondoa katazo lake la aina hiyo Novemba 2021. Kenya ina sera ya kumrudisha mama mdogo darasani tangu miaka ya 1990, lakini sera haimshiki mkono msichana mwenye haya anaposimama langoni na kanga begani. Tunaamini lazima atoke mtu wa kumfuata nyumbani. Jina lake liwe kwenye orodha, na orodha iwe mikononi mwa mwalimu, chifu na mama zake wa mtaani, tangu wiki ya kwanza ya kufungwa.

Ndugu, sasa tuitazame shule tunayoiendea.

Tunaamini katika shule yenye maji yanayotiririka siku zote, yaliyotoka kwenye kisima chake au kwenye matangi yanayokinga mvua ya paa lake. Katika shule hiyo mtoto hunawa kabla ya kula kwa sababu kuna chakula cha mchana, na kila siku ya masomo jikoni kunafuka moshi. Darasa lina watoto ambao mwalimu anawajua kwa majina, na akikohoa mmoja anajua nani wa kuongea na mzazi wake. Muuguzi wa zahanati ya jirani anapita shuleni kila wiki kama sehemu ya kazi yake ya kawaida, anawajua walimu, walimu wanamjua, hata siku tetesi za ugonjwa zinapoanza, wa kumuuliza yupo. Hapo uvumi hauna pa kukalia.

Tunaamini katika shule ambayo mwalimu anaingia na barakoa aliyopewa, chanjo aliyowekewa mapema na mshahara usiokatika, awe wa serikali chini ya TSC, wa bodi au wa shule ya binafsi. Mwalimu mwenye ugonjwa wa sukari au presha anapangiwa kazi isiyomweka hatarini, bila kubembeleza wala kudhihakiwa. Tunaamini kwamba mwalimu aliyelindwa hivyo atakuwa wa kwanza kupiga kengele.

Tunaamini katika kufunga kwa kipimo. Kama ugonjwa umezuka Busia, mtoto wa Garissa ana kosa gani? Masharti ya kufunga na ya kufungua yaandikwe sasa, wakati wa utulivu, kata kwa kata, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule kwa lugha tunayoisoma: idadi gani ya wagonjwa, kwa siku ngapi, nani anaamua, na ni lini uamuzi utapitiwa tena. Mwaka 2020 ilikuwepo kamati ya wataalamu, na ilipokea maoni, tunaiheshimu. Lakini sisi wa mashinani tulipokea maamuzi kupitia taarifa ya habari kama watu wanavyopokea utabiri wa mvua, tukabaki kuanua tulichoweza. Mambo hayo yamekwisha. Hakuna kufuli litakalotiwa lango la shule kabla sababu yake haijasomwa mbele ya wazazi, na kabla ya siku ya kulifungua kutajwa.

Wako watakaosema haya ni ya wakati wa janga, na janga limepita. Waulizeni ilikuwaje Aprili na Mei 2024. Mafuriko yalipokuja, ufunguzi wa muhula wa pili uliahirishwa kwa wiki moja, kisha ukaahirishwa bila tarehe, hadi shule zilipofunguliwa 13 Mei. Waliobeba magodoro na masanduku hadi stendi ya basi walirudishwa njiani. Miaka minne baada ya Korona, na taifa zima lilikuwa likingoja tena tangazo la usiku! Na watoto waliorudi Januari 2021 walilipishwa muda uliopotea kwa mihula iliyobanwa, likizo fupi, mitihani juu ya mitihani. Mwishoni mwa 2021 mabweni yakawaka moto shule baada ya shule, na kalenda haikutulia hadi Januari 2023. Tunakataa kumwita mtoto aliyechoka kiasi hicho mhalifu kabla ya kumwuliza alipitia nini.

Kwa hiyo leo tunajiunga. Hatuna bendera ya chama, na hatutaki ya mtu. Mwanachama wa vuguvugu hili ni yeyote anayekubali kwamba mlango wa shule ni mali ya wanaoupita. Katika kila shule tutaunda kamati ya watu tisa: wazazi watatu, walimu watatu na wanafunzi watatu, mmoja wa wanafunzi hao awe msichana na mmoja awe mwenye ulemavu, na kura ya mwanafunzi iwe na uzito ule ule wa kura ya mwenyekiti. Kamati itahesabu mabomba yanayotoa maji, madirisha yanayofunguka, vyoo vyenye mlango na watoto ambao hawajaonekana tangu muhula uliopita. Hesabu hiyo itasomwa kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi, kisha itapelekwa kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge na kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ikiwa na sahihi zetu zote. Muhula unaofuata tutaisoma tena, tukitaja kilichofanyika na kisichofanyika, na jina la ofisi iliyonyamaza.

Walimu, msituogope, tuko upande wenu. Wazazi, njooni hata kama hamkusoma, kwa maana kuhesabu bomba kavu hakuhitaji cheti. Wanafunzi, hii ni shule yenu, na safari hii mtaulizwa kwanza. Vikao vya kwanza vifanyike kabla ya wiki ya pili ya muhula kwisha, uwanjani, mahali penye hewa, na ajenda ya kwanza iwe maji.